Ijumaa ya Kwanza Baada ya Mlipuko: Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Baraza la Vyombo vya Habari

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Baraza la Vyombo vya Habari Nchini,
Nairobi.

Mheshimiwa,

YAH: OMBI KUHUSU HABARI ZA WAISLAMU WANAOUPINGA UGAIDI HADHARANI

Kwa heshima kuu na taadhima nakuandikia kutoka Busia, na kwanza naomba radhi kwa kukuandikia mbele za watu badala ya kukuletea barua yako mkononi kama ilivyo adabu. Nimechagua njia hii kwa sababu jambo lenyewe ni la watu waliotoka hadharani wakasema, wasisikike. Najua mzigo mlioubeba wewe na maafisa wenzako. Katiba yetu, kifungu cha 34, imelinda uhuru wa vyombo vya habari na ikaagiza kiwepo chombo huru cha kuweka viwango vya kazi hiyo, na sheria ya mwaka wa 2013 ikawakabidhi nyinyi. Ni nyinyi mnaowapa wanahabari vitambulisho vya kazi, mnaotoa mafunzo, na mnaowatuza kila mwaka waliofanya vyema. Mwenye mamlaka kama hayo huzungumzwa naye kwa unyenyekevu, na ndivyo ninavyonuia kufanya hadi mstari wa mwisho.

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo hapa Busia, na nina jamaa Malaba, kwa hiyo mageti yote mawili ya mpaka wa Uganda nayajua. Ni Mwislamu na ni Mluhya. Wazee wangu waliupata Uislamu Mumias, zama za Nabongo Mumia, wakati misafara ya wafanyabiashara Waswahili ikipita kwake kuelekea Uganda. Nalitaja hili kwa sababu wageni wengi wanaofika huku hushangaa kukuta msikiti, na hushangaa zaidi kukuta kwamba anayeadhini ni mtu wa kwao.

Ombi langu nalitanguliza nisije nikakupotezea muda. Naomba Baraza litumie sauti yake kuwahimiza wahariri wa nchi hii wawatume watu wao misikitini na mitaani pale Waislamu wanapoupinga ugaidi, kwa bidii ileile wanayowatuma nayo kwenye vituo vya polisi pale Mwislamu anaposhukiwa. Kwa hisani yako, niruhusu nieleze kwa nini.

Huku mpakani ugaidi hatukuusikia kwa mbali. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uhispania na Uholanzi, mabomu yalilipuka Kampala, katika mkahawa wa Kihabeshi mtaani Kabalagala na kwenye klabu ya raga ya Kyadondo. Watu zaidi ya 70 waliuawa, na Al-Shabaab wakajitokeza kusema ni kazi yao. Kutoka hapa hadi Kampala ni safari ya saa chache kwa basi. Busia ya Kenya na Busia ya Uganda ni watu walewale, wanaoana, wanazikana, wanadaiana. Asubuhi ile mji mzima ulikuwa ukipiga simu. Waislamu walipiga sawa na Wakristo, maana pale Kyadondo hakuna aliyeulizwa dini kabla ya bomu kulipuka.

Kisha ukaja msako. Wakenya kadhaa walikamatwa na kupelekwa Kampala bila kufikishwa kwanza mbele ya hakimu wa humu nchini, na mwaka huohuo Mahakama Kuu jijini Nairobi ikasema, katika mojawapo ya kesi hizo, kwamba utaratibu huo ulikiuka sheria. Kesi yenyewe iliisha Mei 2016 mbele ya Mahakama Kuu ya Uganda: wengi wa washtakiwa walipatikana na hatia, na watano wakaondolewa mashtaka yote. Siwatetei waliopatikana na hatia. Waliua, na walistahili kuhukumiwa. Lakini nikiuliza hapa sokoni leo, kila mtu anakumbuka kukamatwa kwa watu wale, na ni nadra nimpate anayejua kwamba wako walioondolewa mashtaka.

Naomba sasa nikueleze siku moja, kwa sababu nilikuwepo.

Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa bado mabwenini alfajiri. Utakumbuka, Mheshimiwa, kwamba kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu. Hapa Busia Wakatoliki walikuwa barabarani na Njia ya Msalaba, na sisi tulikuwa msikitini. Khatibu wetu alikuwa amekuja na khutba aliyoiandaa, akaikunja akaitia mfukoni. Akasema kwa Kiswahili, bila kuzunguka, kwamba waliofanya yale Garissa ni wauaji, na kwamba anayewaficha, hata akiwa mwanawe, ana sehemu katika damu ile. Akaisoma ile aya ya Sura ya tano ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua, kwamba anayeua nafsi moja bila haki ni kama aliyewaua watu wote. Mzee mmoja aliyekuwa safu ya mbele akaanza kulia kwa sauti. Mjukuu wake alikuwa chuoni, si Garissa, lakini chuoni.

Ijumaa iliyofuata tukatembea. Hatukuwa wengi kiasi cha kuziba barabara. Tulikuwa watu wa msikiti mmoja na majirani. Akina mama walitangulia. Vijana walikuwa wameandika kwa wino wa kalamu nene kwenye makaratasi ya katoni za sabuni: POLENI WAZAZI WA GARISSA. WAUAJI HAWANA DINI. Bodaboda mmoja, Mkristo, alizima pikipiki yake akaisukuma pamoja nasi hadi mwisho, kilomita nzima juani, na alipoulizwa kwa nini hakuiwasha akasema si heshima kupiga kelele msibani. Tulifika kwenye ofisi ya serikali, tukatoa barua, tukaomba dua, tukatawanyika. Hakuna jiwe lililorushwa wala duka lililofungwa.

Ripota mmoja alikuja. Namshukuru mpaka leo. Alipiga picha, akamhoji khatibu, akamhoji yule bodaboda, akatuma kila kitu Nairobi kabla ya saa kumi. Taarifa ya Kiswahili husomwa saa moja usiku, kwa hiyo muda ulikuwepo. Tulikaa mbele ya runinga saa moja, tukakaa tena saa tatu. Kesho yake tukanunua gazeti. Hapakuwa na hata mstari. Nilipokutana naye baadaye aliniambia, akiwa na aibu isiyokuwa yake, kwamba Nairobi walimjibu kwa neno moja: kuna fujo? Aliposema hakuna, wakamwambia aweke tu.

Wiki chache baadaye Malaba kulionekana begi limeachwa chini ya trela. Watu walikimbia, polisi wakazingira mahali, na kabla ya adhuhuri kamera tatu zilikuwa zimefika, moja imetoka mbali. Nilikuwa huko kwa shughuli zangu. Ndani ya begi mlikuwa na viatu vya mtoto, unga wa muhogo na kanga. Begi lile lilitangazwa. Jina la kituo silitaji, kwa sababu sikuja kumshtaki mtu. Nakuomba tu uziweke siku hizo mbili pamoja, kwa sababu mtu wa Nyeri au wa Machakos aliyekuwa akitazama taarifa mwaka ule alipewa begi, na hakupewa watu waliotembea.

Mheshimiwa, wewe unaijua kazi hii kunizidi mara nyingi, na kama nitakosea katika maelezo yafuatayo naomba univumilie. Nimezungumza na waandishi wa huku kwa miaka. Wengi wao hawana mshahara. Hulipwa kwa habari iliyotoka, kwa hiyo nauli ya kwenda kwenye habari isiyotoka ni ya mfukoni mwao. Kijana mwenye mke na mtoto, akiwa na shilingi mia tatu za bodaboda, ataenda wapi? Ataenda palipomwagika damu, au atakapoitwa na polisi, kwa kuwa anajua hiyo itatoka. Wala simlaumu. Tena habari za ugaidi Nairobi zimewekwa mikononi mwa wanaoandika habari za usalama, na hao vyanzo vyao ni polisi, jeshi na wizara. Msikiti haumo kwenye orodha ya simu zao isipokuwa unaposhukiwa. Kwa hiyo hata mhariri mwema, asiye na chuki na mtu, anajikuta usiku na taarifa ya msemaji wa serikali, picha ya waliokamatwa, na hana kitu kutoka kwa Waislamu. Halafu mtangazaji wa asubuhi anauliza wasikilizaji: mbona Waislamu wako kimya?

Swali hilo nimelisikia baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate mwaka 2013, nikalisikia baada ya Garissa, nikalisikia baada ya hoteli ya DusitD2 kushambuliwa tarehe 15 Januari 2019. Huulizwa kwa uchungu wa kweli, na mtu aliyefiwa ana haki ya kuuliza chochote. Lakini jibu lake limelala kwenye simu za waandishi wa mashinani, katika picha ambazo Nairobi haikuzitaka.

Hili si la Busia peke yake, wala halikuanzia kwetu. Mei 2003 Casablanca ilipigwa na walipuaji wa kujitoa mhanga, na kabla ya mwezi kwisha umati mkubwa wa Wamoroko, maelfu kwa maelfu, ulijaa barabara za mji ule kuukataa ugaidi. Novemba 2005 hoteli tatu za Amman zililipuliwa kwa usiku mmoja, moja ikiwa na harusi ndani. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo Moustapha Akkad na binti yake. Huyu ndiye aliyeongoza The Message, ile filamu ya mwaka 1976 kuhusu mwanzo wa Uislamu ambayo wengi wetu tuliitazama utotoni. Siku iliyofuata Wajordani walikuwa barabarani wakimlaani kwa jina Abu Musab al-Zarqawi, kiongozi wa kundi lililofanya shambulio hilo, na yeye alikuwa Mjordani mwenzao. Waarabu, Waislamu, wakimlaani Mwarabu Mwislamu mchana kweupe. Ni wangapi kwetu wanaolijua hilo? Jina la al-Zarqawi tulifundishwa na redio mpaka watoto wakalijua. Watu waliosimama Amman kumkataa hatukufundishwa.

Karibu zaidi na kwetu ni Mogadishu. Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililojaa mabomu lililipuka kwenye makutano ya Zoobe, na idadi ya waliokufa ikapanda siku baada ya siku mpaka ikapita 500. Ni miongoni mwa mashambulio mabaya zaidi kuwahi kutokea barani Afrika. Siku nne baadaye maelfu ya watu wa Mogadishu walitoka, wamejifunga vitambaa vyekundu vichwani, wanawake kwa wanaume, wakiwapinga Al-Shabaab katika mji ambao Al-Shabaab wana macho kila mtaa. Naomba ulipime jambo hilo. Mimi nilitembea Busia nikijua nitalala kwangu. Wale walitembea wakijua kwamba jirani anaweza kuwa anawahesabu.

Wiki ile nilikuwa Malaba. Foleni ya matrela ilikuwa imerudi nyuma kuelekea Amagoro, na madereva walikuwa wamekaa kwenye vibanda vya chai wakisubiri karatasi zao. Katika hoteli moja ya chai, madereva Wasomali walikuwa wamekaa meza moja wameinamia simu, wakitazama picha za vitambaa vyekundu walizotumiwa na jamaa zao, wakipitishiana. Juu ya vichwa vyao runinga ya hoteli ilikuwa imewaka, ikizungumza juu ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26. Sisemi uchaguzi haukuwa habari. Ulikuwa habari kubwa, na nchi ilikuwa imeshika roho mkononi. Nasema tu kwamba katika meza ile watu watano walikuwa wanatazama Wasomali wakiupinga ugaidi, na watu wengine thelathini ndani ya hoteli ileile walikuwa hawajui kwamba jambo hilo limetokea. Mmoja wa hao thelathini, alipoona wale wanainama juu ya simu na kunong'ona, aliinua kikombe chake akahamia meza nyingine.

Hiyo ndiyo gharama ya kutotangazwa, Mheshimiwa. Inalipwa huku chini, na watu wasiokuwa na jina. Dereva aliyezaliwa Garissa, mwenye kitambulisho cha Kenya mfukoni, husimamishwa kando kwenye kizuizi wakati wenzake watatu wa nyuma wanapita. Mama wa buibui akipanda basi la kwenda Kampala, begi lake hufunguliwa mara mbili, na anayekaa naye huuliza kondakta kama kuna kiti kingine. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walizolewa na kupelekwa uwanja wa Kasarani. Msako wa namna hiyo ni rahisi kukubalika katika nchi inayoamini kwamba watu hao wote wananyamaza kwa sababu wanakubali.

Nataka nieleweke vizuri hapa, na kama maneno yangu yatakuwa makali naomba msamaha mapema. Siombi Waislamu wapewe nafasi ya kuomba radhi. Hatuna la kuombea radhi. Mwislamu wa Busia hadaiwi maandamano kwa kosa la mtu wa Kismayu asiyemjua, kama vile Mkristo wa Teso hadaiwi maandamano kwa ajili ya Joseph Kony, aliyechinja watu kaskazini mwa Uganda akitaja Amri Kumi za Mungu. Wapo wenzangu msikitini wanaosema tusitembee kabisa, kwamba kutembea ni kukubali shutuma. Nawaelewa. Mimi nilitembea kwa sababu nilikuwa na huzuni na nilikuwa na hasira, na kwa sababu wengi wa wanaouawa na Al-Shabaab ni Waislamu, Wasomali, wanaouawa sokoni, hotelini na misikitini mwao. Ninachoomba ni kwamba jambo likitokea, liandikwe kuwa limetokea. Mwandishi atuulize maswali magumu akija. Atuulize kama msikiti wetu una vijana waliopotea, na tulifanya nini. Maswali hayo tunayo majibu yake, mengine ya kutuumiza. Lakini aje.

Na kuna waliolipa zaidi ya kudharauliwa. Tarehe 10 Juni 2014, alfajiri, Sheikh Mohammed Idris alipigwa risasi Mombasa akielekea kuswali. Alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, na alikuwa amewapinga waziwazi vijana wenye msimamo mkali waliokuwa wakiteka misikiti ya pwani. Kifo chake kilitangazwa, tena kwa ukurasa wa mbele, na nashukuru. Miaka aliyokuwa akizungumza yuko hai, akionya jina kwa jina na msikiti kwa msikiti, ilipata nafasi ndogo sana. Mwanachuoni aliyehitaji sana kusikika alisikika nchi nzima siku alipokuwa hawezi tena kusema.

Haki inanilazimu pia nitaje palipofanywa vizuri. Abdul Haji alipoingia Westgate na bastola yake kuwaokoa watu asiowajua, wanahabari walimwandika, na Wakenya wengi wakajua kwamba aliyekuwa akimnyooshea mkono yule mtoto aliyepigwa picha akimkimbilia alikuwa Mwislamu. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, Al-Shabaab walisimamisha basi la Mandera wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo, kama walivyofanya mwaka mmoja kabla, walipoua watu 28. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Akina mama walikuwa wamewapa Wakristo hijabu zao wajistiri, na watu wakasema: tuueni sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa abiria hao, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata akitibiwa Nairobi. Habari hiyo ilifika kila nyumba, na nimeona kwa macho yangu ilichofanya hapa Busia. Jirani yangu wa Bumala, mtu wa kanisa, aliyekuwa hanisalimu tangu Garissa, alikuja dukani, akanunua soksi ambazo hakuzihitaji, akakaa mpaka jioni. Habari moja tu. Baadaye kisa hicho kikawa filamu, Watu Wote, iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Hamburg, Ujerumani, pamoja na waigizaji wetu, na mwaka 2018 ikashindania tuzo ya Oscar. Nawapongeza wanafunzi wale kwa dhati. Nitakufa na furaha zaidi nikiona filamu ya pili imetengenezwa na wetu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu ninaoweza kuukusanya, naomba yafuatayo, nawe utachagua lililo katika uwezo wako.

Kubwa kuliko yote ni Ijumaa ya kwanza. Baada ya shambulio lolote, Baraza liwashauri wahariri kwamba Ijumaa ya kwanza wawe na mtu ndani ya msikiti, Garissa, Mombasa, Nairobi, na huku kwetu pia, aketi tangu adhana mpaka watu watawanyike. Khutba nyingi zinafafanuliwa kwa Kiswahili, hatahitaji mkalimani. Aandike alichosikia. Akisikia chuki, aiandike. Akisikia kile nilichokisikia Ijumaa Kuu ya mwaka 2015, akiandike vilevile. Hilo halihitaji bajeti mpya, kwa sababu mwandishi tayari yuko mjini na msikiti uko umbali wa kutembea kwa miguu.

La pili ni yule kijana mwenye shilingi mia tatu. Najua Baraza haliwaajiri waandishi wala halipangi malipo yao. Lakini sauti yenu ina uzito kwa wamiliki. Mkiwaambia kwamba ripota aliyetumwa, akaenda, akarudi na kazi, anastahili angalau nauli yake hata habari isipotoka, mtakuwa mmefungua milango mingi zaidi ya huu wangu. Habari za wakulima wa muhogo wa Teso nazo zinafia hapohapo. Nao walemavu wanaovusha mizigo hapa geti kwa baiskeli zao za magurudumu matatu husikika mara moja kwa mwaka, kukiwa na ajali.

Katika mafunzo yenu kuhusu habari za ugaidi, naomba pia kiongezwe kipande kuhusu usalama wa wanaoupinga. Si kila anayetembea anataka uso wake uonekane, na baada ya kuuawa kwa Sheikh Idris hakuna anayeweza kusema hofu hiyo ni ya bure. Mama wa Mandera anaweza kutaka asikike bila kuonekana. Mwandishi amuulize kwanza, tena ampe muda wa kujibu.

Na mkiona inafaa, katika zile tuzo zenu za kila mwaka patengwe nafasi kwa kazi inayoeleza jinsi jamii zinavyojikinga na ugaidi zenyewe. Waandishi ni watu, hupenda kutambuliwa. Habari ya bomu tayari ina malipo yake ya kuonekana, na hii haina.

Nimekuandikia kurasa nyingi na nimekuchukulia muda ambao ni wa taifa. Naomba unisamehe. Ukipata nafasi ya kufika mpakani, tafadhali usipite tu kwenye kile kituo cha forodha ambacho marais wawili walikuja kukifungua Februari 2018, ingawa nacho ni cha kujivunia. Tunakuomba uje siku ya Ijumaa. Swala huanza saa saba na kwisha kabla ya saa nane. Tutakuwekea kiti nje, chini ya mwembe, wewe na ujumbe wako, na yule ripota nimemwomba awepo. Bado anazo zile picha.

Wako mtiifu, mwenye kukuheshimu,

Mfanyabiashara wa nguo,
Busia.